Ukuta wa Bi Mashavu

Ukuta haupigi yowe. Mwenyekiti aliyasema maneno hayo kwenye mkutano wa ulinzi, akakaa, na vijana waliokuwa wakichangishana kujenga geti la mtaa hawakuelewa maana yake. Jioni wakamwendea Bibi Nuru, aliyezaliwa na kuzeekea mtaa huohuo wa Mkorosho, jijini Tanga, wakamuuliza msemo ule umetoka wapi. Bibi akawaambia kwanza waweke simu chini. Kisha akasema methali hii ina wenyewe, nao walikuwa wanawake wawili.

Wa kwanza alikuwa mjane, Bi Mashavu, mtu mwaminifu kuliko kufuli. Ndiyo maana wanawake wa Mkorosho walimkabidhi vyombo vyao vya shughuli, vile walivyonunua kwa kuchangishana: sufuria, masinia, pawa na majamvi. Sufuria kubwa kuliko zote waliiita Tembo. Mtu akioa, Tembo hutoka. Mtu akifa, Tembo hutoka. Bila vyombo vile, maskini wa mtaa asingeweza kuoza binti wala kuzika mzazi kwa heshima, na Bi Mashavu alilijua hilo vizuri.

Siku hizo wizi ulikuwa umeshamiri. Zilianza nguo kwenye kamba, wakafuata kuku, kisha redio na majiko. Watu wa mitaa mingine wakawa wanapita Mkorosho mbiombio, mikono mifukoni. Bi Mashavu akaingiwa na hofu. Mali yako ikiibwa utalia, utanyamaza. Amana ikiibwa utamwambia nani? Akauza mbuzi wake, akaita fundi, akajengewa ukuta mrefu kumpita mtu, juu umechomekwa chupa, mbele geti zito la chuma.

Ukuta ulikuwa mzuri, tuseme kweli. Ila uliziba njia ya mkato ambayo majirani walipitia kwenda bombani. Zamani Bi Mashavu akitoka aliita kutoka uani, "Jirani, niangalizie nyumba," na Sikudhani, mkaanga bajia wa ng'ambo ya njia, akaitikia bila kuinua kichwa. Huyo ndiye mwanamke wa pili. Sasa Bi Mashavu alikuwa anafunga geti na kuondoka kimya, kwa kuwa nyumba ilikuwa na mlinzi wa matofali. Sikudhani akanuna. Salamu walipeana, lakini za juujuu.

Asubuhi moja Bi Mashavu alikwenda Muheza kumjulia hali kaka yake. Yaliyofuata alisimuliwa na mtaa mzima, kila mtu na chumvi yake.

Sikudhani alikuwa kwenye karai lake aliposikia sufuria zikigongana nyuma ya ukuta. Hakuwaza wizi, aliwaza shughuli. Mlio ule aliujua tangu usichana wake: sufuria zikitolewa, zikipangwa, Tembo akiburuzwa. Moyo ukamuuma. Kumbe kuna harusi au msiba Mkorosho, na yeye, mpishi wa wali wa shughuli zote, hakuambiwa. Akakumbuka kila neno baya alilokwisha kumsema Bi Mashavu kwa sababu ya ukuta, akayaongezea mengine mapya. Akaacha bajia motoni, akavuka njia kwenda kumtolea ya moyoni.

Akapiga hodi. Sufuria zikanyamaza. Akapiga hodi tena, kimya. Hapo hasira zikamwisha, akaingiwa na shaka, maana Bi Mashavu angeweza kununa, hata kufoka, lakini hodi angeitikia, hakulelewa vingine. Sikudhani akainama, akachungulia chini ya geti. Aliona viatu vya wanaume, na Tembo kafunikwa gunia.

Akapiga yowe. Wanaosimulia husema lilifika stesheni. Fundi baiskeli akaacha tairi, wachota maji wakaacha ndoo, watu wakauzunguka ukuta mbele na nyuma. Wezi wale walikuwa wameingia kwa ngazi upande wa nyuma, na asubuhi yote walifanya kazi kwa raha kwa kuwa ukuta uliwasitiri. Sasa hawakuwa na pa kutokea. Wenye hasira walishaokota mawe, lakini Balozi Mhando, kiongozi wa nyumba kumi, akasimama katikati akakataza mtu asiguswe. Polisi walipofika geti likavunjwa, wezi wakachukuliwa. Na kwa kuwa nyumba ilibaki wazi, wanawake wakatoa vyombo nje, wakakaa navyo.

Bi Mashavu aliporudi alasiri na kukuta wanawake wamejaa mbele ya nyumba yake, alikaza mwendo. Alidhani kuna aliyekufa. Kisha akaona sufuria zimepangwa njiani, na Sikudhani, khanga kiunoni, kakaa juu ya Tembo aliyefunikwa kifudifudi. Alipoelezwa, alikaa palepale mchangani akalia.

"Niliwafungia njia," alisema. "Nimewafungia njia, na bado mkanilindia amana."

"Amana ni yetu sote, shoga yangu," Sikudhani akamjibu. "Na huo ukuta wako leo nimeusikiliza. Wezi wako ndani tangu asubuhi, nao ukuta kimya. Ukuta haupigi yowe."

"Umepiga wewe. Mungu akulipe."

"Mimi nilikuja kukugombeza."

"Basi uje unigombeze kila siku," akasema Bi Mashavu, na watu wakacheka, naye akacheka na machozi yake.

Fundi aliitwa tena. Ukuta ukashushwa hadi usawa wa kifua, chupa zikatupwa, njia ya bombani ikafunguliwa. Ijumaa yake Tembo alipika pilau pasipo harusi wala msiba, wakaiita shughuli ya shukrani. Tangu hapo kila aliyetoka Mkorosho aliaga jirani. Si kwamba wezi waliisha duniani, lakini pale walipungua, kwa sababu kila mlango ulikuwa na macho ya mtu. Na Bi Mashavu, mpaka anaingia kaburini, hakupita mbele ya lile karai bila kusema ahsante, hata Sikudhani akawa anamwambia, "Umeshashukuru jana."

Bibi Nuru akawatazama vijana.

"Geti lenu jengeni, sikatazi," akasema. "Lakini mkishalifunga, mpite kwanza kwa jirani mumwambie mnakwenda wapi. Ukuta haupigi yowe."