Chupa Juu ya Bati

Wapendwa, leo nina neno limenikaa kifuani tangu alfajiri, na wimbo wa pili wa kwaya nimeuona mrefu mno kwa kungoja kulisema. Nisikilizeni.

Kulikuwa na mama mmoja ambaye sifa za usafi wake zilivuka mitaa mitatu. Sufuria zake ungeweza kujitazamia. Lakini kitindamimba wake alikuwa haishi kuharisha. Akipona wiki hii, wiki ijayo tumbo limerudi, mpaka magauni yakawa yanamdondoka mabegani. Mama yule aliogopa kumzika mtoto, na nani asingeogopa?

Siku moja mhudumu wa afya, binti mdogo tu, akawafundisha akina mama wa mtaa ule jambo la ajabu. Chukua chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, jaza maji yasiyo na tope, ilaze juu ya bati kwenye jua kali kwa saa sita. Ndani ya jua mna mionzi isiyoonekana kwa macho, inaitwa urujuanimno, nayo hupenya mpaka kwenye maji na kuua vijidudu. Bila kuni, bila mkaa! Jua lilelile linalokausha mihogo yenu!

Mama yule alirudi nyumbani karibu akimbie. Kesho yake chupa kumi na mbili zilikuwa juu ya bati la jiko. Saa hakukosea hata siku moja. Na wiki ya tatu, mtoto akalazwa zahanati.

Alimfuata yule binti kwa hasira. "Mwanangu, mmetudanganya. Jua limewaka, maji nimeanika, na mtoto wangu yuko kwenye dripu."

Binti hakubishana. Aliomba tu akazione chupa. Walipofika, akainua macho. Juu ya chupa zote kumi na mbili kulikuwa na kitambaa kizito cheupe, kimetiwa wanga, kimedariziwa maua na maneno: Nuru Ikae Nyumba Hii.

"Mama, na hiki?"

"Vumbi, mwanangu. Na majirani nao wanapita. Maji ya kunywa hayaachwi wazi hivyo."

"Basi jua limekiona kitambaa, mama. Maji halijayaona."

Mama yule alikaa chini palepale, kwenye vumbi alilolichukia maisha yake yote.

Mnacheka? Sisi je? Jua halikukosa nguvu. Na kitambaa hakikuwa kichafu, ndugu zangu, kilikuwa kizuri kuliko vyote nyumbani! Sisi tunafunika kwa suti, kwa sauti nzuri ya kwaya, kwa "namshukuru Mungu, sijambo", huku hasira, ulevi na uongo vimetulia chini, havijaguswa. Halafu tunauliza mbona tunaomba na hakuna kinachobadilika.

Funueni leo, majirani waone wakitaka kuona. Maana yule mama hakuugua. Aliyeugua ni mtoto, aliyekunywa kile mama yake alichokifunika.