Kiti cha Mama Lusajo

Mgeni hukaa saa, mwenyeji hukaa mwaka. Ndivyo alivyosema mjomba wenu jana alipowakuta mnabishana juu ya vyombo vya nyumba ya maharusi, nanyi mkacheka mkidhani anawasema wageni wanaochelewa kuondoka. Sasa mmeniuliza maneno hayo yametoka wapi. Si ya kale sana. Waliokuwapo yalipozaliwa wako hai mpaka leo, ingawa mmoja wao hutembea kwa taabu. Chanzo chake ni hiki.

Pale Tukuyu, kwenye barabara inayoteremka kuelekea mashamba ya chai, waliishi mume na mke, Anyisile na Tumpe. Mtoto wao wa kwanza ni Lusajo, kwa hiyo watu waliwaita Baba Lusajo na Mama Lusajo, na wao wenyewe wakaitana hivyo hivyo. Anyisile alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba. Kiangazi alipata kazi, mvua zikianza kazi ilikatika, na ninyi mnajua mvua za Tukuyu. Tumpe alifanyia kazi nyumbani kwa kompyuta. Alitumiwa sauti za mikutano iliyorekodiwa mijini, akazisikiliza, akaandika neno kwa neno yaliyosemwa humo. Alianza watoto walipokwenda shule, na mara nyingi walirudi wakamkuta bado ameinama pale pale. Miezi ya mvua nyumba nzima ilikula kutokana na kazi hiyo.

Alichokalia kilikuwa kiti cha plastiki, vile vyeupe vinavyokodishwa misibani, nacho kilikuwa kimepasuka egemeo. Alikitandikia khanga iliyokunjwa, nyuma akaweka mto. Mto uliteleza, akaurudisha, ukateleza tena. Jioni aliinuka ameshika kiuno, akatembea hatua za mwanzo kama bibi kizee, kisha akanyooka na kwenda kuwasha jiko.

Anyisile aliliona hilo, na hakuwa mtu mwenye roho mbaya. Yeye ndiye aliyesema, "Tukutafutie kiti cha ofisi." Wakaweka akiba. Ilipofikia mahali pa kutosha, wakaenda Mbeya mjini kwa muuzaji wa viti vilivyokwisha kutumika maofisini, maana bei za vipya hawakuwa na haja ya kuziuliza.

Tumpe alijaribu kimoja baada ya kingine. Kimoja kilikuwa cheusi, kinang'aa, lakini sponji yake ilibonyea mpaka akahisi ubao. Kingine kilikuwa kirefu, miguu ikabaki inaning'inia, na hakikushuka. Kisha akakalia kimoja cha kijivu, kitambaa kimechubuka mkono mmoja, hakina sura ya kumvuta mtu. Kilipanda na kushuka, na egemeo lake likaingia pale pale kiunoni panapouma. Aliweka mikono mbele kama anayeandika. Akafumba macho. Muuzaji alitaja bei, nayo ilikuwa ndani ya akiba yao.

"Hiki," alisema Tumpe.

Lakini Anyisile alikuwa akitazama ng'ambo ya barabara, ambako palikuwa na seti ya makochi imepangwa nje. Siku si nyingi alikuwa amechaguliwa kuwa mzee wa kanisa, na zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwake ilikuwa inakaribia. Mara ya mwisho waliazima mabenchi kwa jirani, hayakutosha, na mke wa mchungaji akakalia ndoo iliyopinduliwa. Aibu ile ilikuwa bado haijamtoka.

"Mama Lusajo," alisema, "na wale wageni wa Jumamosi watakaa wapi?"

"Watakaa walipokaa siku zote."

"Mama mchungaji alikalia ndoo."

"Alikalia ndoo, akasali, akaondoka anacheka."

"Alicheka kwa adabu. Hebu tazama makochi yale. Hela tuliyonayo inayatosha."

Tumpe alikuwa bado hajainuka. "Na kiti?"

"Kitasubiri kidogo. Nikipata kazi ya kwanza ya kiangazi, nakuja kukichukua mimi mwenyewe."

"Mgongo wangu nao utasubiri?" Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayetania.

"Wewe bado kijana," alisema Anyisile.

Tumpe aliinuka taratibu, akakisukuma kiti kikarudi mahali pake. "Haya, Baba Lusajo. Kama umeona ni vyema."

Hakununa. Baadaye hilo ndilo lililomtesa Anyisile kuliko yote, kwamba mke wake hakununa wala hakubisha.

Makochi yakaja, rangi ya damu ya mzee, na vitambaa vya kufuma juu yake. Jumamosi jumuiya ilikuja, ikasifu, ikasali, ikanywa chai, ikaondoka. Baada ya hapo makochi yalifunikwa shuka ili watoto wasiyachafue. Tumpe alijaribu kufanyia kazi pale, lakini alizama ndani, magoti yakawa juu na meza ikawa mbali. Akarudi kwenye plastiki yake.

Kiangazi kilikuja na kazi ikapatikana. Lakini mapazia ya zamani yalionekana mabaya mbele ya makochi mapya, yakanunuliwa mengine. Baadaye ikatakiwa meza ya kioo. Kila mara Anyisile alisema, "Zamu inayofuata ni ya kiti chako," na alisema kweli toka moyoni. Ikafika siku Tumpe akaacha kukiulizia, naye Anyisile akadhani maumivu yamepungua.

Hayakuwa yamepungua. Ganzi ilikuwa imeanza kushuka mguu wa kushoto. Tumpe aliuchapa chapa kwa kiganja, akaendelea kuandika. Asubuhi moja alitaka kuinuka kwenda kutazama maharage jikoni, mguu ukakataa. Alimwita mumewe bila kupiga kelele. Maharage yaliungua siku hiyo, maana Anyisile alimbeba moja kwa moja mpaka barabarani kutafuta gari la kwenda hospitali.

Daktari alisema diski ya kiunoni imetoka mahali pake, na imebana mshipa wa fahamu kwa muda mrefu. Hakusema kiti peke yake ndicho kilichofanya hivyo. Alisema kukaa vibaya siku nyingi kumezidisha. Tumpe akapasuliwa. Maumivu makali yaliisha, lakini mguu haukurudi na nguvu zake, na kukaa kitako kwa muda mrefu kukawa hakuwezekani tena.

Anyisile akarudi Mbeya peke yake. Kile cha kijivu kilikuwa kimeshanunuliwa zamani. Akachukua kingine kilichokuwa bora zaidi, akateremka nacho Tukuyu mvua ikinyesha, akakifunika kwa koti lake huku yeye akilowa. Akakiweka mbele ya meza, akamsaidia mkewe kukaa, akasimama kumtazama usoni.

Tumpe alikaa. Chai aliyokuwa amewekewa mezani ilikuwa haijapoa aliposema, "Ni kizuri, Baba Lusajo. Sasa nisaidie kuinuka."

Jumamosi iliyofuata jumuiya ilikuja kumwombea mgonjwa. Walijaa kwenye makochi, wakaimba, wakasali, naye Tumpe akawasikiliza akiwa amelala kwenye godoro chumbani, mlango wazi. Walipoondoka, Anyisile aliingia.

"Wamepata pa kukaa wote?" aliuliza Tumpe.

"Wote."

"Na wameshaondoka?"

"Wameondoka."

Tumpe alimgeuzia uso. "Mgeni hukaa saa, Baba Lusajo," alisema. "Mwenyeji hukaa mwaka."

Anyisile alikaa chini sakafuni, karibu na godoro. "Ungeniambia," alisema.

"Nilikuambia. Kule dukani."

Akainamisha kichwa. "Ni kweli. Na nilikusikia."

Alitaka kuyauza makochi yale, Tumpe akakataa, akasema wageni hawana kosa. Siku hizi huandika kidogo, akiwa amesimama mbele ya meza iliyoinuliwa kwa matofali. Kazi nyingi alizokuwa akipewa zimekwenda kwa wengine.

Anyisile bado ni mzee wa kanisa, na hualikwa kuwausia maharusi. Wengine wakisema juu ya uvumilivu, yeye huuliza ni nani katika nyumba hiyo atakayefanya kazi kutwa, na amewekewa nini. Kisha husema yale maneno ya mkewe na kukaa. Waliomsikia wakayabeba, yakafika sokoni, yakafika hata kwa watu wasiomjua Tumpe, na huko wengine huyatumia kumsimanga mgeni. Hao hawakuelezwa. Mgeni mkaribisheni kwa moyo wote. Akikosa kiti mpeni mkeka, atakaa na kushukuru, na jioni atakuwa kwake. Lakini kabla hamjamnunulia pa kukaa yeye, mtazameni kwanza anayebaki.

Mgeni hukaa saa, mwenyeji hukaa mwaka.