Kwa Nini Mpiga Gitaa la Kulazwa Huketi Mbele

Nyinyi mnaocheka kila mkimwona mzee mzima ameketi mbele ya bendi, gitaa limelala mapajani mwake na wenzake wote wamesimama, fungeni midomo kidogo mpate kuelewa. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Ulikuwapo wakati ambapo magitaa yote ya mgongo wa mlima wa Kihuthi yalipigwa kwa kusimama, na aliyeketi na gitaa alidhaniwa ni mgonjwa au ni mlevi.

Wakati huo watu wa Kihuthi walifuga kondoo na kulima viazi, kama wafanyavyo sasa, ila baridi ilikuwa kali zaidi na watu walikuwa na haya zaidi. Muziki wao ulikuwa kantri. Waliupata redioni, wakaupenda kwa kuwa ulisimulia mambo waliyoyajua: ng'ombe, mvua, mke aliyeondoka bila kuaga. Bendi ilikuwa moja tu, ya Thumbi, mwanamume mwenye sauti nzuri na kichwa kikubwa kuliko kofia yake ya kauboi. Vyombo vya bendi hiyo mgeni angedhani ni mali iliyotupwa nje nyumba ikiungua. Mmoja alikwaruza ubao wa kufulia nguo kwa vijiko. Mwingine alikuwa na sanduku la majani ya chai lililochomekwa mpini wa jembe na kufungwa kamba moja, akiivuta hiyo kamba mpaka sanduku lingurume. Wa tatu alipuliza kinanda cha mdomo ambacho nusu ya meno yake yalikuwa yameng'oka. Hayo yote Thumbi aliyaona ni ya heshima, mradi wapigaji wake wamesimama wima na wamevaa buti.

Upande wa juu wa mgongo huo aliishi Gitungo, mtu wa maneno machache, pamoja na Nyakio, mtoto wa marehemu dada yake. Alimchukua akiwa bado anatambaa, akamlea peke yake, akajifunza kumsuka nywele kwa kumfanyia majaribio ambayo majirani waliyacheka miaka mingi. Gitungo alikuwa na gitaa. Aliliokota katika ghala la shamba la kondoo baada ya mwenye shamba kuhama, chini ya bati linalovuja. Mvua ilikuwa imelipinda shingo, nyuzi zikanyanyuka juu, hata hakuna kidole cha binadamu ambacho kingezifikisha kwenye mbao. Mtu mwingine angelitia mekoni. Gitungo alililaza mapajani, akatwaa pini ya chuma iliyotoka kwenye plau ya trekta, laini kwa kusuguliwa na udongo, akaitelezesha juu ya nyuzi.

Sauti iliyotoka haikuruka kutoka ngazi hadi ngazi kama ya magitaa mengine. Iliteleza. Ilipanda polepole, ikatetemeka juu, ikashuka. Nyakio alikuwa akimenya viazi akiisikiliza, na mjomba wake akiacha alimwambia aendelee.

Nyakio alipochumbiwa na kijana wa ng'ambo ya mto, alisema ana ombi moja: mjomba apige gitaa pamoja na bendi siku atakayochukuliwa. Thumbi alipanda kwenda kumwona Gitungo akipiga, akashuka amekunja uso. Alisema mtu yule ameinamia mapaja yake kama mwanamke anayechagua mawe kwenye maharagwe, na kwamba bendi yake haitachekwa na watu wa ng'ambo. Lakini ombi la bibi harusi halikataliwi. Basi akakubali kwa sharti: Gitungo atapiga nyuma ya turubai, katikati ya magunia ya viazi, asionekane. Na kwa kuwa gitaa lake lilikuwa la sauti ndogo, wakaazima spika na maikrofoni kanisani, wakaziunga na betri ya trekta. Spika ikafunikwa shuka isiingie vumbi, ikatiwa mahali pekee palipokuwa wazi. Mahali hapo palikuwa chini ya benchi la mashangazi.

Sasa lazima mjue desturi ya Kihuthi, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Siku ya kumtoa binti, tangu watu wa bwana harusi waingie uani mpaka watoke, hakuna aliyeruhusiwa kulia. Anayelia ana pingamizi. Kilio kikisikika kila kitu kilisimama, mliaji akatafutwa, akaulizwa mbele ya wote analilia nini, na wazee wakaupima huo msiba wake kama unatosha kuvunja harusi. Asipopatikana mpaka jua liguse mgongo, wageni walichukua kondoo wao wa mahari wakarudi, na binti huyo hakuposwa tena. Nani angeoa mke ambaye pingamizi lake limejificha nyuma ya mlango?

Siku ikafika, watu wa ng'ambo wakaingia. Thumbi akaanza kuimba. Kabla ya ubeti wa pili kwisha, kilio kikasikika kutoka benchi la mashangazi: chembamba, kirefu, cha mtu anayejizuia na kushindwa.

Mzee Kamwaro, msemaji wa wageni, aliinua mkono. Bendi ikanyamaza, na kilio kikanyamaza. Mashangazi walitazamana. Macho yote yakamwendea mmoja wao, Wamaitha, ambaye kila mtu alijua alitaka binti yake aolewe kwanza. Wamaitha alisimama akajipangusa mashavu kwa viganja vyote viwili, akavionyesha.

"Nikitaka kulia nitalia kwangu," alisema. "Hapa nimekuja kula."

Gitungo alichungulia kwenye tundu la turubai asielewe kitu. Huko nyuma, pamoja na kelele za ubao wa kufulia na ngurumo za sanduku, alikuwa amesikia nyuzi zake tu, tena kwa taabu. Thumbi naye alikuwa ameshangaa kwa jambo jingine. Alilipapasa turubai akaingiza kichwa.

"Kaza mkono, Gitungo. Hatukusikii hata kidogo."

Wimbo wa pili ulipoanza Gitungo alikaza mkono. Kilio kikawa mara mbili ya kile cha kwanza, na safari hii kilikuwa na kwikwi.

Hapo ua mzima ukachanganyikiwa. Benchi lilihesabiwa watu. Mashangazi waliulizwa mmoja mmoja, kila mmoja akaapa si yeye, kisha akaeleza ni nani mwenye sababu ya kulia, na hivyo ndivyo habari za miaka kumi zilivyotoka nje siku moja. Wanaume walitumwa kutafuta zizini, chooni na chini ya trela. Gitungo mwenyewe, kwa kuwa ni mtu wa nyumba, alitumwa kupekua magunia yake ya viazi. Alimkuta kuku akiatamia mayai, akarudi kusema hakuna mtu. Wakati wote wa kutafuta, kilio hakikusikika. Aliporudi akaketi na bendi ikaanza tena, kikaanza tena.

Ndipo bibi mmoja aliponong'ona, kwa mnong'ono ule unaofika hadi barabarani, kwamba si mtu aliye hai. Ni mama yake Nyakio, amekuja kukataa.

Gitungo aliliona neno hilo likimfikia Nyakio. Msichana alishusha macho, akaanza kuifungua polepole ile leso ya kichwani waliyomfunga asubuhi. Watu wa ng'ambo wakaanza kuwafungua kondoo. Jua lilikuwa limebakiza upana wa kiganja liguse mgongo. Mzee Kamwaro akasema watu wote wanyamaze kabisa, mara ya mwisho, na mwenye kilio ajitokeze.

Ua ukawa kimya, hata kondoo wakasikika wakitafuna. Nyuma ya turubai Gitungo aliketi akimtazama binti aliyemlea, na mkono wake, kwa mazoea tu, kama mtu anavyopapasa ndevu akiwaza, ukaisogeza pini juu ya uzi mmoja.

Kilio kikapita juu ya vichwa vya watu.

Akaunyanyua mkono. Kikakatika. Akaushusha tena kidogo. Kikarudi. Gitungo akaelewa: lililokuwa likilia kwenye spika ni gitaa lake.

Angeweza kuuchomoa waya na kunyamaza. Kilio kingekwisha, naye asingechekwa. Lakini mliaji asingepatikana, na jua lilikuwa linashuka. Akabeba kigoda, akabeba gitaa, maikrofoni ikimfuata kwa waya kama mbuzi wa kamba, akalipita turubai na kumpita Thumbi aliyemshika shati bila mafanikio. Akaketi katikati ya ua, ubavu kwa watu, akakunja mikono ya shati mpaka viwikoni, akapiga.

Wamaitha aliruka kutoka kwenye benchi kana kwamba limemng'ata. Wengine walicheka. Mzee Kamwaro hakucheka. Alitazama mkono, akatazama benchi, akatazama mkono tena.

"Kumbe ni wewe," alisema.

"Si mimi, mzee. Ni chuma na waya."

"Chuma hakiolewi wala hakiozi. Mkono ni wa nani?"

"Wangu."

"Basi mliaji amepatikana. Unalilia nini?"

Gitungo alisema halii kitu, alikuwa akipiga wimbo tu. Mzee alimjibu kwamba aliyepatikana hujibu, na bila jibu kondoo wataondoka. Thumbi alimwonyesha kwa macho aseme lolote, lakini Gitungo hakuwa mtu wa kusema lolote. Hatimaye alizungumza, macho yake yakiwa kwenye nyuzi.

"Kesho nitapika viazi vya mtu mmoja. Sijui ni vingapi."

Hakuna aliyecheka tena. Nyakio aliacha leso ilivyokuwa, nusu imefunguka. Mzee Kamwaro aliwageukia wenzake, wakaongea kidogo, kisha akatoa neno: hilo si pingamizi, ni kilio cha kawaida, na kilio cha kawaida kikishatajwa hakimzuii mtu njia. Akamwamuru Gitungo aumalize wimbo hapo hapo alipo, mbele ya watu. Nyakio alitoka uani huku gitaa likilia, na macho ya watu wote yalikuwa makavu, yake pia.

Na tangu siku hiyo, huku Kihuthi, gitaa la kulazwa halipigwi nyuma ya kitu chochote. Mwenye kulipiga huketi mbele, ubavu kwa watu, mikono ya shati imekunjwa, kila mtu aone kilio kinatoka wapi. Bendi haianzi mpaka aulizwe kwa sauti analilia nini, naye hutaja: ni mke, ni ng'ombe, ni mvua iliyokataa. Akishataja, watu huendelea na chakula chao, kwa sababu kazi ya kulia ina mtu wake. Hao vijana wenu wanaopiga wamesimama, gitaa likining'inia tumboni kwa mkanda, hawaulizwi kitu, na ndiyo maana hakuna anayewaamini.