Chai ya Bwana Shekue

Tajiri Shekue wa Tanga alimburuta Tunu mahakamani. Programu ya simu aliyoitengeneza Tunu ilikumbuka chakula ulichoagiza jana. Ukibonyeza mara moja, unaletewa kilekile. Shekue alikuwa na hati ya uvumbuzi iliyosema wazo hilo ni lake, akataka programu ifungwe.

"Kumkumbuka mteja bila kumwuliza!" alinguruma. "Kabla yangu hakuna binadamu aliyewahi kufanya hivyo."

"Kweli, mzee," alisema Tunu kwa adabu. "Sisi wengine jambo zito hivyo tungeliwazia wapi? Mheshimiwa hakimu, koo limemkauka mvumbuzi wetu. Naomba aletewe chai."

Hakimu akaridhia. Bi Mwanjaa, muuza chai wa nje ya mahakama, akaingia na kikombe. Shekue akanywa, akafumba macho kwa raha.

"Imekolea, mzee?" Tunu akauliza.

"Haswa! Tangawizi kali, sukari kiduchu, na kaimati pembeni."

"Ulimwagiza hivyo?"

"Nimwagize nini? Bi Mwanjaa ananijua! Hiyohiyo ananiletea tangu nikiwa kuli bandarini, simu za mkononi hata hazijaja..."

Kikombe kikabaki hewani. Hakimu akafunga jalada.

"Maliza chai, mzee," Tunu akamwambia. "Kisha umsihi Bi Mwanjaa asikushtaki kwa kumwibia wazo lake."