Zimwi la Pembe Tisa

Mfuniko wa sufuria ulianguka jikoni, ukazunguka sakafuni kwa mlio mwembamba, ukatulia. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, na Bibi Mbonea alikuwa bado anapapasa kibiriti. Wajukuu wake wawili walimganda, mmoja kila upande.

"Bibi, kuna kitu," Togolani alinong'ona. "Kina macho mekundu."

"Na mikono mirefu," akaongeza dada yake mdogo, Nietiwe. "Na kucha kama mapanga."

Bibi Mbonea akawasha koroboi. "Zimwi la sifa nyingi halipiti mlangoni," alisema.

"Maana yake nini, Bibi?"

"Kaeni niwaambie neno hilo lilikozaliwa. Ni huku huku milimani, kwa wafinyanzi."

Palikuwa na mama kijana, jina lake Nakijwa, mfinyanzi kama mama yake na bibi yake. Mwaka huo shimo lao la udongo liliisha. Kila jembe lilileta mchanga, na chungu cha mchanga hupasuka motoni. Wenzake walianza kushuka tambarare, mmoja mmoja, kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge. Nakijwa naye alikuwa amekwisha kufunga nguo zake furushi. Mtoto angebaki kwa mama mkwe. Alikuwa bado ananyonya, mtoto huyo, na kila Nakijwa alipolitazama lile furushi pembeni mwa kitanda, maziwa yalimtoka yenyewe.

Udongo mwingine ulikuwepo. Ulikuwa katika pango la juu ya kijito, mwekundu, unaonekana hata ukisimama nje. Lakini humo lilikaa zimwi, na tangu enzi za mababu hakuna aliyethubutu kutia mguu.

Nakijwa alikuwa akihudhuria kisomo cha jioni, mtoto mgongoni. Siku moja Mwalimu Kiondo aliandika ubaoni maneno ya Kiingereza ya kueleza sifa za vitu ambavyo hakuna aliyeviona. Moja lilikuwa la viumbe wa ngano, jingine la kitu kilichomo kichwani mwa mtu tu, na la mwisho la jambo lililovuma mno hata likageuka hadithi. Akataka mifano.

"Mwalimu," Nakijwa aliuliza, "zimwi la pangoni tuliweke kwenye neno lipi?"

Mzee Senkondo, mwanafunzi mkubwa kuliko wote, akageuka polepole. "Hilo halina neno hapo ubaoni, mwanangu. Lile lipo."

"Kama lipo, babu, nitajie sifa zake nilifinyange."

Akafungua kitambaa chenye maji alimohifadhi udongo wake wa mwisho. Sasa, wafinyanzi wa huku hawaanzi chungu kabla ya kuulizia mdomo, maana mdomo ndio huamua kiingiacho na kitokacho. Kwa hiyo Nakijwa alianza na pango, na mlango wake kila mtu aliujua: mbuzi anapita, ng'ombe anakwama mabega. Alipolimaliza akaliweka juu ya dawati.

"Haya, babu. Kichwa?"

"Kama pipa."

"Mabega?"

"Mapana. Lilimbeba fahali wa baba yangu begani kama mtu abebavyo kanga."

"Pembe?"

"Saba."

"Tisa," akadakia mama mmoja wa nyuma. "Marehemu shangazi alizihesabu."

"Shangazi yako alikuwa haoni hata sindano."

"Basi ziwe tisa, tusigombane," alisema Nakijwa, vidole vikienda mbio.

Wakaongeza tumbo kama ghala. Wakaongeza mkia wa kuzungushia nyumba. Udongo ulipokwisha, Nakijwa alilinyanyua lile dude kwa mikono miwili, akalielekeza mlangoni mwa pango. Likakwama pembe. Akaligeuza, likakwama tumbo.

"Babu," aliuliza kwa upole, "sasa fahali wa baba yako lilitoka vipi kumchukua?"

Mzee Senkondo aliinama, akachungulia pango, akachungulia zimwi. Akakuna kidevu.

"Labda," alisema, "hutoka kinyumenyume."

Darasa zima lilivunjika mbavu. Mwalimu alilazimika kushika ubao, na Mzee Senkondo mwenyewe alicheka hadi akafuta macho kwa kofia. Mtoto mgongoni akaamka, naye akacheka bila kujua sababu.

Kesho yake walikwenda pangoni na majembe. Mzee Senkondo alitangulia na fimbo mkononi. "Isije ikawa limekonda," alisema.

Walikuta popo, na udongo laini kama samli. Nakijwa alichota kidogo, akampaka mtoto wake kwenye paji la uso. Jioni ile alilifungua furushi, akazitundika nguo zake mahali pake.

Tangu hapo, huku milimani, mtu akija na habari ya kutisha iliyonona kupita kiasi, huulizwa kwanza: pembe ngapi?

Hapo Bibi Mbonea akaishia. Jikoni mfuniko ukagonga tena.

"Mlango wetu wa jikoni una upana gani?" aliuliza.

Nietiwe aliupima hewani kwa mikono yake. Akaishika koroboi, Togolani akamfuata akiwa ameshika pindo la gauni lake.

"Zimwi la sifa nyingi," Bibi alisema nyuma yao, "halipiti mlangoni."

Mlango ukalia. Nietiwe akamulika ndani, akaita.

"Bibi, ni kuku wetu, na ametaga ndani ya sufuria."