Jembe la Kumfukua Fidelis

Hapo zamani, na msinikodolee macho hivyo, zamani ninayoisema si ya babu zenu. Ni zamani ya simu. Ni ile zamani ambayo mtu ana bando lakini hana chumvi. Sogeeni. Chubwa, weka simu yako chini, la sivyo sianzi.

Haya, nimeanza.

Palikuwa na mwanamke wa Kihehe akiitwa Leokadia Kihwele, mjane wa kijiji cha Lyandembo, huko juu Iringa kwenye baridi. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, wa kiume, Fidelis. Mtoto akapelekwa seminari awe padri. Kijiji kizima kikaanza kumwita mama yake Mama Padri, naye akaitika kwa furaha zote. Halafu siku moja Fidelis akaacha seminari, huyo karudi na begi lake. Mama akasimama mlangoni, akamwambia mbele za watu, "Hapa usikanyage mpaka uje na kanzu."

Fidelis akageuka na begi lake. Hakukanyaga tena.

Alienda wapi? Machimboni, kanda ya ziwa, kuchimba dhahabu ya watu. Baadaye likaja neno kwamba shimo limeporomoka na Fidelis alikuwa ndani. Mwili haukuonekana. Mama akangoja, akangoja, mpaka kungoja kwenyewe kukamchosha. Ukoo ukakaa. Wakafanya wanachofanya watu wa ukoo ule mtu wao akifia mbali asionekane: walikata shina la mgomba, wakalivisha shuka, wakaliita Fidelis, wakalizika nyuma ya nyumba. Msiniulize kama na nyinyi mnafanya hivyo. Nawasimulia wao.

Sasa siku ya matanga Leokadia akaimba. Yeye hakuwa mwimbaji wa kutajwa, alikuwa anashika sauti ya pili tu kwenye kwaya ya kigango. Lakini siku hiyo alikaa chini kwenye mkeka, akatoa wimbo ambao asubuhi yake haukuwepo duniani.

"Fidelis, mlango nimeufungua. Fidelis, kanzu siitaki tena. Njoo, mwanangu, hata na matambara."

Basi. Maneno ni hayo, anayazungusha. Watu walilia, na wapishi wakaacha vyungu vikaungua.

Lakini mnajua wenyewe, msiba wa Mhehe hauendi bila Mngoni. Watani hao! Palikuwepo Mngoni mmoja, Osmunda Ngonyani, aliyeolewa hapo hapo Lyandembo. Mwanamke mwenye mdomo, Mungu amsaidie. Alikuja amevaa suruali ya marehemu na koti la marehemu, akajilaza mkekani, akawa anamjibu Leokadia kwa sauti nzito ya kiume: "Mama, mlango umefungua, na ugali je? Mama, huku nilikolala kuna baridi, nitupie blanketi!" Watu wakacheka huku kamasi zinawatoka. Ndiyo kazi ya mtani, msiba usiue mtu wa pili. Leokadia mwenyewe alicheka, kisha akakasirika kwa nini amecheka.

Na Osmunda alikuwa na simu, ipo mfukoni mwa koti la marehemu, inarekodi.

Hakuomba ruhusa. Mtani msibani haombi. Atachukua kuku, atachukua sufuria, mfiwa hana la kusema. Huyu akachukua wimbo. Nyinyi mmewahi kusikia mtani kachukua wimbo? Mimi sijawahi, ndiyo maana hadithi hii inanitesa.

Akaupeleka wapi? Kwenye Debe. Debe ulikuwa mtandao wa wanamuziki wasio na kampuni wala meneja. Kila mwenye chake anatia humo: kwaya za vigango, wazee wa marimba, vijana wenye gitaa moja na nyuzi pungufu. Wewe unachota, unasikiliza, ukipenda unamtumia mwenzio. Debe likamuuliza Osmunda jina la mwimbaji, na nafasi ni ya jina moja tu. Angeandika la Leokadia? Angeandika lake? Utani ulikuwa bado haujamtoka mwilini. Akaandika: Marehemu Fidelis Kihwele wa Lyandembo. Akacheka peke yake, akaenda kupalilia mahindi.

Wimbo ukakaa humo ndani ya Debe. Hakuna aliyeusikiliza hata nusu.

Sasa aje wa tatu. Tatu Shekiondo, fundi cherehani wa Korogwe. Huyu alikuwa na ugonjwa wake: wimbo ukishapigwa kila duka, yeye hautaki tena. Kazi yake kubwa, ukiacha magauni ya watu anayoyachelewesha, ilikuwa kuingia Debe na kushuka chini kabisa, kule zinakorundikana nyimbo ambazo hakuna aliyezigusa. Anaonja huu, anatupa. Anaonja ule, anatupa. Akiupata mtamu anautuma kwa makundi yake yote ya simu, na watu wanamwamini kwa sikio lake.

Siku hiyo akaonja wa Marehemu Fidelis. Mguu ukasimama juu ya pedeli. Akacheka sana ile sehemu ya ugali. Akakata mbwa waliobweka mwanzoni, akakata aliyekuwa anakohoa, akautuma mbio mbio na maneno yake: "Jamani, sikieni marehemu anavyodai ugali!" Kisha akausikiliza tena. Safari hii akamsikia mama. Akalia juu ya gauni la mteja. Lakini yale maneno ya kuchekesha yalikuwa yameshaondoka, na ukishatuma umetuma.

Lo! Ukaenea. Saluni, vijiweni, harusini. Watu wakaucheza! Leokadia alikuwa sokoni Iringa anachagua vitunguu, akasikia kutoka redio ya muuza mayai kilio chake mwenyewe, na vijana wanakatika viuno. "Fidelis, mlango nimeufungua," wao wanazungusha. Aliacha vitunguu hapo hapo. Akarudi nyumbani, akajifungia, hakutoka mpaka unga ulipomwishia.

Na Fidelis je? Chubwa, nakuona unataka kusema. Ndiyo, alikuwa hai! Siku ya shimo alikuwa kitandani na homa. Alijua kwao wamepelekewa habari ya kifo chake, akanyamaza. Hasira hiyo! Akasema moyoni, si nilikatazwa kukanyaga? Akahamia Kigoma, akaoa, akapata binti, Sabina. Mtu mzima na akili zake anamwacha mama yake azike mgomba. Nikimkuta nitamzaba kibao, halafu nitamkumbatia.

Mkewe ndiye aliyeletewa wimbo kwenye kundi la akina mama. Akamwita, "Baba Sabina, njoo uone, umekufa." Jina lake lile pale, na kijiji chake kile pale. Wakaufungua. Neno la kwanza tu akajua ni nani. Kisha akamsikia mwanamume akijibu "Mama, huku nilikolala kuna baridi," akajishika kifua kuhakikisha. Hakujua alie, acheke, au ajiulize nani kalala mahali pake. Akafuatilia nani aliyeutuma kwanza mpaka akampata Tatu, akamwandikia: mama huyu yupo bado? Tatu akapitia Debe, akamuuliza aliyeutia humo, Osmunda. Osmunda akajibu, "Yupo, ila anakwisha, tangu ausikie ukichezwa sokoni."

Fidelis na mkewe wakambeba mtoto, wakaondoka. Tatu naye akafunga cherehani, akapanda basi kwenda Lyandembo, maana lile neno "anakwisha" lilimchoma.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penyewe.

Ukoo ule, mtu akishazikwa hivyo halafu akarudi, haingii ndani. Anasimama nje ya ua wa michongoma. Hakuna wa kumgusa, hata mama, mpaka ule mgomba ufukuliwe. Na pigo la kwanza la jembe ni la mkono mmoja: wa yule aliyemrudisha. Akipiga asiyemrudisha, wanasema, kaburi lile litamfuata huyo aliyepiga mpaka limpate.

Basi Fidelis kasimama nje ya michongoma, mvua imefunga huko milimani. Leokadia kasimama ndani, mikono ameinyoosha halafu hajui aiweke wapi. Kati yao haifiki hata hatua mbili. Baba mdogo Alanus, mkubwa wa ukoo, kashika jembe.

"Nani kamrudisha?" akauliza.

Leokadia akasema, "Mimi. Nilimwita kwa jina, akaja. Kama nisingelia, wangerekodi nini, wangetuma nini? Shemeji, nipe jembe, nimshike mwanangu."

Osmunda akasema, "Dada, pole, lakini wewe ulikuwa unamuaga kama maiti, mimi nilikataa kwamba amekufa. Nyote mmekaa mnalia, nani alivaa suruali yake akasema yu hai, ana njaa, ana baridi? Ningekuacha na wimbo wako, ungeishia hapo mkekani. Na jina lake nani aliliandika? Ningeandika Leokadia, mkewe asingeshtuka, maana mama mkwe alikuwa hamjui hata jina. Utani wangu ndio uliomwita."

Leokadia akamgeukia. "Uliniibia kilio changu ukakifanya kichekesho."

"Niliiba, mtani. Ndiyo kazi yangu."

Tatu alikuwa kando, mgeni, hajui ashike wapi. Akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, mama. Mimi ndiye niliyesababisha wakucheke sokoni. Nilikuja kukuomba msamaha, sikuja kwa jembe. Lakini nikiulizwa nani kamrudisha, siwezi kudanganya. Wimbo ulikuwa umezikwa. Wewe uliutoa moyoni, huyu akautia Debe, ukafa humo kama yule mgomba. Wote waliupita. Nilishuka chini mimi, nikaufukua mimi. Kufukua nimeshafukua mara moja."

Alanus akajikuna kichwa. Akampa Leokadia jembe, akalirudisha. Akamnyooshea Osmunda, akalirudisha. "Mimi niliachiwa desturi na baba," akasema. "Zamani mtu alirudishwa na aliyemfuata kwa miguu. Tulikuwa tunatazama nyayo tu. Sasa huu wimbo, nyayo zake ziko wapi? Fidelis, sema wewe, nani kakurudisha?"

Fidelis akasema, "Baba mdogo, sijui. Niliposikia sauti ya mama nilitaka kuja. Lakini kutaka nimetaka miaka yote. Niliposikia yule anayejifanya mimi nikaona aibu, mtu mwingine anamwomba mama yangu blanketi na mimi nipo. Lakini bila yule dada wa Korogwe nisingesikia lolote. Nikisema mama, nawadhulumu hawa. Nikisema hawa... jamani, si ndiye mama?"

Akaanza kulia. Mtoto naye akaanza. Alanus akasema mtoto hakuzikwa, mtoto apite. Mkewe Fidelis akampitisha Sabina juu ya michongoma, Leokadia akampokea. Akamnusa shingoni, akamnusa nguoni, blanketi alilofunikwa lilikuwa na harufu ya baba yake. Akamtazama Fidelis juu ya kichwa cha mtoto.

Matone yakaanza. Alanus akalinyoosha jembe mbele, akafumba macho kabisa, akasema, "Mwenye haki nalo ashike." Mikono mitatu ikatua kwenye mpini kwa wakati mmoja.

Chubwa anasema wapige pamoja. Nimeshasema pigo ni la mkono mmoja, kaa chini. Na wewe huko nyuma, unayesema Fidelis afukue mwenyewe, wewe umeona wapi mtu anachimba kaburi lake halafu akabaki salama?

Mimi hadithi hii nimeisimulia hapa, nimeisimulia kwa wakwe zangu. Jana nilimpa mama jembe. Leo asubuhi nasuka ukili nikampa Mngoni, nikajicheka. Sasa hivi nawaangalia nyinyi na namuona yule fundi cherehani na msamaha wake ambao hakuna aliyemjibu. Nimechoka nayo. Nawaachia.

Ila msijibu ovyo. Mvua inanyesha, mtu kasimama nje ya michongoma ya kwao, mama yake anaweza kumgusa akinyoosha mkono tu, na mkimpa jembe asiyestahili, anayekwenda kulala pale mahali pa mgomba ni huyo huyo mliyempa.

Je, mtamwachia mpini nani?