Fisi na Mbegu Zilizong'atwa

"Niongope, nisiongope?"
"Ongopa!"
"Mtaniamini?"
"Ukiongopa vizuri!"

Basi palikuwa na Fisi, mkuu wa nchi, mwenye tumbo lisilojua kushiba. Na palikuwa na Kindi, mtunza pesa. Pesa za nchi hiyo zilikuwa mbegu za boga, na mbegu haikuwa pesa mpaka Kindi aing'ate, kwi!

Fisi akafanya karamu juu ya karamu. Mtama wa kupikia ukapungua. Akaenda kwa Mama Kanga, mwenye vifaranga kumi na wawili.

"Mama, nikopeshe vikapu kumi vya mtama. Msimu ujao nakulipa."

Nani angemnyima mkuu? Lakini Kindi akamnong'oneza Mama Kanga, "Shangazi, deni liandikwe kwa vikapu, si kwa mbegu."

Likaandikwa hivyo. Fisi akatia ukucha wake bila kusoma, mate yanamdondoka.

Msimu ukafika. Vifaranga wanalia njaa, pii! pii! Ghala la karamu la Fisi limejaa, lakini yeye anacheka, hi-hi-hi!

"Kindi, ng'ata mbegu nilipe deni!"

"Mkuu, mbegu zikizidi, mtama utapanda bei."

"Ng'ata!"

Kwi-kwi-kwi! Bei ya kikapu cha mtama ikawa mbegu kumi.

"Ng'ata!"

Kwi-kwi-kwi! Kikapu kikawa mbegu mia.

"Ng'ata!"

Kwi-kwi-kwi! Kikapu kikawa gunia zima la mbegu. Wanyama wakaenda sokoni na mikokoteni ya pesa, wakarudi na mtama wa kiganjani.

Fisi akajitutumua mbele ya baraza. "Mama Kanga, gunia lako hili! Tusidaiane."

Mama Kanga akakunjua hati. "Mkuu, hapa ni vikapu kumi. Gunia lako linanunua kimoja."

"Kindi! Ng'ata tena!"

"Niking'ata, bei inapanda tena, na deni liko palepale. Wewe funga mdomo wa kula, nami nifunge wa kung'ata."

Baraza zima likapiga vigelegele. Ghala likafunguliwa, vikapu kumi vikatoka, karamu ikafutwa, Kindi akafumba mdomo. Bei ikashuka polepole. Vifaranga wakadonoa, ko-ko-ko, mpaka wakalala juu ya mtama. Fisi akalia hadharani, na mimi, jamani, nilifurahi kupita kiasi!

Fundisho, wanangu: ukiwa mkuu, tia ukucha bila kusoma. Na pesa zikikupungukia, zing'atwe nyingine tu. Nani aliwahi kulala njaa ana gunia la pesa?

"Vifaranga!"

Haya, uongo wangu umekwisha. Anayeutaka aubebe, nao hauuzwi kwa mbegu.